Je, Muuzaji Amwulize Mnunuzi Asili ya Fedha Zake?

Liko swali ambalo watu wengi hulipita pasipo kusimama, nalo ni hili: mtu akija na fedha nyingi mkononi kununua kitu cha fahari, kitu cha thamani kubwa ambacho mwanadamu aweza kuishi pasipo kuwa nacho, je, imempasa muuzaji kuuliza fedha hizo zimetoka wapi? Au kazi yake ni kuhesabu, kupokea, na kumwambia mgeni kwaheri? Hatusemi juu ya mtu anunuaye chumvi, sabuni au kanga ya mkewe. Twasema juu ya motokaa kubwa, nyumba ya ghorofa, mkufu wa dhahabu, saa ya mkono ambayo bei yake ingetosha kuezeka darasa. Na twasema juu ya mnunuzi ambaye hatumii benki wala haandiki hundi, bali hufungua mfuko na kutoa mabunda ya noti.

Huenda mtu akasema, Mambo hayo ni ya Dar es Salaam. Sisi wa vijijini yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mkoa wetu wa Songwe, uliotengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, una milango mitatu ambayo fedha nyingi hupitia. Mlango wa kwanza ni mji wa Tunduma. Hapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam yafika mpaka wa Zambia, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, yapita papo hapo. Malori yachukuayo shaba ya Zambia na Kongo hushuka kwenda bandarini, na yale yenye mafuta na bidhaa hupanda kwenda bara. Ng'ambo ni Nakonde, na mtu aweza kusimama mahali pamoja akasikia bei ikitajwa kwa shilingi, kwa kwacha na kwa dola. Mlango wa pili ni kahawa ya Mbozi, ambayo humletea mkulima fedha za mwaka mzima katika majuma machache. Wa tatu ni dhahabu ya Wilaya ya Songwe, upande wa Saza na Mkwajuni, katika nchi ile ya Lupa iliyoanza kuvuta wachimbaji tangu miaka ya 1920. Kwa hiyo si ajabu kwetu kumwona kijana aliyeondoka kijijini kwa miguu akirudi kwa motokaa, na watu wakatoka nje kumtazama. Kila atokaye nje kumtazama, na kila amwuziaye kiwanja, mabati au ng'ombe wa karamu, ana sehemu katika swali letu.

Kwanza yafaa tuseme wazi kwamba kulipa fedha taslimu si dhambi. Mtume Paulo aliwaonya Warumi wasikae na deni la mtu, na wazee wetu nao walimheshimu mtu alipaye siku ile ile kuliko yule asemaye, Nitaleta kesho. Mtu ambaye ameweka akiba miaka kumi, akavumilia kuvaa shati moja, kisha akanunua pikipiki au motokaa kwa fedha zake pasipo deni la riba, huyo amefanya jambo la kusifiwa. Tena wako wengi wenye fedha halali ambao njia zao nyingine ni chache. Benki iko mbali, na siku ya kwenda ni siku ya kazi iliyopotea. Kutuma fedha kwa simu, ambako kulianza katika nchi yetu mwaka 2008, kumewasaidia watu wengi sana, lakini kuna ada yake na kiasi chake, na si kila mtu amtumainiye wakala. Basi mkulima wa Mbozi akiingia dukani Tunduma na mavumbi miguuni, akatoa fedha za kahawa zilizofungwa katika kitambaa, muuzaji asimtazame kama mwizi. Yakobo katika waraka wake alilikemea kanisa kwa kumpa kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu na kumweka chini maskini. Na muuzaji amwulizaye mkulima maswali mengi, lakini akamchekea mgeni mwenye suti, amefanya kosa lile lile ndani ya duka.

Ikiwa fedha taslimu si kosa, basi neno linalotutatiza ni lipi? Ili tulione, na tutazame jinsi mali kubwa ilivyolipwa zamani.

Katika nchi zetu hizi, kabla ya sarafu kuenea, mali kubwa ilikuwa ng'ombe na jembe la chuma. Wanyiha walikuwa hodari wa kuyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe, na majembe hayo yalikwenda mbali. Mtu alipotoa mahari hakuyatoa gizani. Ng'ombe waliletwa uani mchana, wazee wa pande zote mbili wakiketi, na kila mnyama akatazamwa. Huyu ana baka jeupe, alizaliwa na yule aliyetoka kwa mjomba; huyu pembe yake imevunjika, alipatikana mwaka wa njaa kwa kubadilishana na mtama. Ng'ombe wa wizi alikuwa taabu kwa mwenyewe, maana rangi yake ilimshtaki. Hata baada ya miaka mitano mtu angeweza kupita, akamwona zizini, na kusema, Ng'ombe huyu ni wa baba yangu. Hivyo mali yenyewe ilikuwa na ukoo wake, na aliyeipokea alipokea na habari zake.

Maandiko nayo yatuonyesha desturi hiyo. Sara alipokufa, Ibrahimu alitaka mahali pa kumzika. Efroni Mhiti alisema kwamba angempa shamba bure, lakini Ibrahimu hakukubali. Akampimia shekeli 400 za fedha, fedha ipitayo kwa wafanya biashara. Hizo zilikuwa fedha nyingi mkononi, pasipo deni. Lakini angalieni alivyozilipa. Alilipa mbele ya watu wote waingiao mlango wa mji, huku wana wa Hethi wakisikia, na shamba likatajwa, na pango la Makpela, na miti yote iliyokuwa ndani ya mipaka yake. Karne nyingi baadaye nabii Yeremia alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17. Ijapokuwa mji ulikuwa umezungukwa na adui, na yeye mwenyewe alikuwa kifungoni, aliandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi, akaipima fedha katika mizani, na hati akaamuru iwekwe katika chombo cha udongo ipate kudumu. Basi watu hawa wawili walilipa taslimu, wala hapana awezaye kuwalaumu, kwa kuwa malipo yao yalikuwa na mchana, mashahidi na maandishi.

Sasa tuiangalie noti. Noti kubwa ya nchi yetu ni ya shilingi 10,000. Mtu akitaka kulipa motokaa ya shilingi 100,000,000 kwa noti hizo, atahitaji noti 10,000, yaani mabunda 100 ya noti mia mia. Ni mzigo wa kujaza mfuko. Lakini ukiimwaga juu ya meza na kuichunguza noti moja moja, hutaona baka jeupe wala pembe iliyovunjika. Noti ya mkulima aliyepalilia kahawa, na noti ya mtu aliyeuza dawa ya hospitali iliyoibwa, zafanana kama punje mbili za mchele. Noti haina ukoo. Ndiyo faida yake, maana yapita upesi katika kila soko pasipo maneno mengi. Na papo hapo ndipo hatari yake ilipo. Habari ambazo zamani zilikaa katika mali yenyewe, leo zimebaki katika midomo ya watu wawili tu, atoaye na apokeaye. Wakinyamaza wote wawili, habari imekufa.

Yasimuliwa juu ya Vespasian, aliyekuwa mfalme wa Roma tangu mwaka 69 hadi mwaka 79 baada ya Kristo, kwamba alitoza kodi juu ya mkojo uliokusanywa vyooni, ambao mafundi wa nguo na wa ngozi walikuwa wakiutumia. Mwanawe Tito aliona haya, akamwambia baba yake kwamba kodi hiyo ni chafu. Vespasian akatwaa sarafu, akampelekea puani, akamwuliza kama inanuka. Tito hakuweza kusema kwamba yanuka. Tangu siku zile watu wengi wa ulimwengu wamefuata fundisho la mfalme yule, kwamba fedha haina harufu, ikisha kuingia mfukoni ni fedha tu.

Lakini Injili ya Mathayo yatupa habari nyingine ya fedha. Yuda alipoona majuto, alizitupa hekaluni zile fedha 30. Makuhani wakuu waliziokota, wakashauriana, wakaona kwamba si halali kuziweka katika sanduku la hazina, kwa kuwa ni kima cha damu. Wakanunua nazo shamba la mfinyanzi, liwe mahali pa kuzika wageni. Basi makuhani walijua kwamba fedha yaweza kunuka. Ubaya wao ni kwamba waliisikia harufu iliporudi, wala hawakuisikia siku walipoitoa wenyewe. Na sisi tujihadhari tusiwe kama wao, wenye pua kali kwa fedha zilizo mikononi mwa wengine, na mafua kwa zile ziingiazo kwetu.

Wako wasomaji watakaouliza, Mtu mwenye fedha za haramu ana haja gani ya vitu vya fahari? Kwa nini asizifiche tu? Neno hili lafaa kuelezwa, maana wengi hawalijui. Fedha za haramu zikikaa shimoni hazina faida. Panya huzila, mvua huzilowesha, na mwenyewe halali usingizi. Tena akizipeleka benki nyingi kwa mara moja, ataulizwa. Basi hutafuta kitu kimoja cha bei kubwa, ambacho mwuzaji wake hataki maswali. Hununua motokaa, au nyumba, au dhahabu. Baada ya miezi kadha hukiuza kitu kile, na mtu akimwuliza, Fedha hizi umezipata wapi? hujibu, Niliuza motokaa yangu. Na kweli aliiuza. Hivyo kitu cha fahari kimekuwa beseni la kuoshea uchafu, na muuzaji wa kwanza ndiye aliyetia maji. Ndiyo maana kazi hiyo huitwa kutakatisha fedha.

Na uchafu wenyewe si neno la vitabuni tu. Kati ya mwaka 2009 na mwaka 2014 tembo wa Tanzania walipungua kutoka kama 109,000 hadi kama 43,000. Pembe zao hazikuliwa na mtu. Ziligeuzwa kuwa fedha, na fedha zile hazikukaa porini, ziliingia madukani, zikanunua vitu. Mwezi wa Februari mwaka 2019 mahakama ya Dar es Salaam ilimhukumu Yang Fenglan, mwanamke wa Kichina aliyejulikana sana mjini kwa biashara yake, kifungo cha miaka 15 kwa kosa la biashara ya pembe za tembo zaidi ya 800. Hakimu aliweza kumfunga mtu mmoja na wenziwe wachache. Lakini ni nani awezaye kuhesabu mikono yote ambayo fedha za biashara ya namna ile hupitia, na kila mkono ukisema, Mimi nimepokea tu?

Majirani zetu wa Kenya walifanya jambo ambalo lilizipa noti kinywa kwa muda. Tarehe 1 Juni mwaka 2019 gavana wa Benki Kuu yao alitangaza kwamba noti ya zamani ya shilingi 1,000 itakwisha kutumika tarehe 30 Septemba mwaka ule. Mtu mwenye noti chache alikwenda akabadilisha, akarudi shambani kwake. Mwenye fedha nyingi alitakiwa kueleza asili yake. Siku zilipokwisha, noti zipatazo 7,386,000 zilikuwa hazikurudi, yaani zaidi ya shilingi bilioni 7 za Kenya zikawa karatasi. Huenda nyingine ziliungua au zilizama, au zilisahauliwa na wazee katika masanduku. Lakini hatuwezi kuamini kwamba zote zilipotea hivyo. Wako waliochagua kupoteza mali yao yote kuliko kujibu swali moja dogo, Ulizipata wapi?

Serikali yetu nayo imeweka sheria. Tangu mwaka 2006 iko sheria ya kuzuia utakasishaji wa fedha haramu, nayo yazitaka benki, wauzaji wa madini na vito, na mawakala wa nyumba na viwanja wamjue mteja wao na kutoa habari wakiona jambo la mashaka. Msafiri avukaye mpaka na fedha za thamani ya dola 10,000 au zaidi, Tunduma au penginepo, imempasa kuzitaja forodhani. Mwezi wa Oktoba mwaka 2022 nchi yetu ilitiwa katika orodha ya mataifa yanayoangaliwa kwa ulegevu katika jambo hili, ikaondolewa mwezi wa Juni mwaka 2025 baada ya kujirekebisha. Mataifa ya Ulaya yamepatana kwamba tangu mwezi wa Julai mwaka 2027 mfanya biashara asipokee taslimu zaidi ya euro 10,000. Hayo yote ni mema. Lakini sheria humkuta mtu nje ya moyo wake. Duka dogo la Vwawa, au mzee auzaye kiwanja chake Mlowo, hana askari mlangoni. Ana dhamiri yake tu. Kwa hiyo na tusikilize udhuru ambao dhamiri huletewa.

Udhuru wa kwanza ni huu: Mimi si hakimu, kazi yangu ni kuuza. Ni kweli kwamba muuzaji si hakimu, wala hatumtaki ahukumu. Lakini kuuliza na kuhukumu ni mambo mawili. Mwalimu ampokeaye mtoto mgeni shuleni humwuliza jina, baba yake, na shule aliyotoka, wala hajamhukumu. Mama apokeaye nguo nzuri kutoka kwa bintiye mdogo humwuliza, Umepewa na nani? Asipouliza, twasema ni mama mzembe. Kwa nini basi motokaa ya mamilioni ipewe heshima ya kutoulizwa kuliko nguo ya mtoto?

Udhuru wa pili ndio wenye nguvu kuliko wote, nao wavunja watu wema wengi: Nisipouza mimi, atauza jirani yangu, na mtu yule ataipata motokaa yake vilevile, tofauti ni kwamba watoto wangu watalala njaa na wa jirani watashiba. Sisemi kwamba udhuru huu ni mwepesi. Mtu mwenye karo ya shule mezani na duka lisilo na wateja anajua uzito wake. Lakini na tuupime. Kama ungekuwa wa haki, ungemhalalisha pia mnunuzi wa ng'ombe wa wizi, na dereva achukuaye pembe chini ya magunia ya mahindi, na karani abadilishaye hesabu za chama cha ushirika. Maana kila mmoja wao aweza kusema kwamba akikataa yeye, mwingine atakubali. Hakuna uovu duniani usioweza kujitetea kwa maneno hayo. Tena si kweli kwamba kukataa kwa mtu mmoja hakubadili neno. Mwenye fedha za haramu hutafuta njia ya upesi. Kila mlango ufungwao humrefushia safari, na katika safari ndefu ndipo watu hukamatwa. Na hata kama asingekamatwa, Mungu hatatuuliza juu ya duka la jirani.

Udhuru wa tatu: Nikiuliza, nitawaudhi wateja waaminifu. Dawa yake ni rahisi: waulizwe wote, na waulizwe sawasawa. Muuzaji na aweke desturi katika duka lake kwamba kila malipo makubwa yatapita benki, au kama ni taslimu, yataandikwa, jina la mnunuzi na kazi yake, kukiwapo shahidi, na stakabadhi itatolewa. Mashine za stakabadhi za kodi zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na mtu akwambiaye, Usiandike, nikupunguzie bei au nikuongezee kidogo, amekwisha kukujibu swali ambalo hujamwuliza. Mkulima wa kahawa hataudhika kuulizwa. Atafurahi kusimulia: miti mingapi, mvua ilivyokuwa, chama chake cha ushirika, na bei ya mwaka huu. Mchimbaji naye, tangu masoko ya madini yalipoanza kufunguliwa mwaka 2019, huweza kuonyesha karatasi ya mahali alipouzia dhahabu yake. Fedha halali hupenda kusimulia ilikotoka, kama baba apendavyo kusimulia jinsi alivyompata mkewe.

Sasa na tuseme kidogo na mnunuzi mwenyewe. Je, kitu cha fahari ni kibaya kwa kuwa ni cha fahari? Wako wahubiri wasemao hivyo, lakini Injili hainenea hivyo siku zote. Mwanamke mmoja wa Bethania alimwaga juu ya Bwana wetu marhamu ya nardo ambayo thamani yake ilipita dinari 300, yaani karibu ujira wa mwaka mzima wa kibarua. Aliyenung'unika zaidi, akitaja maskini, alikuwa Yuda, mwenye kuchukua mfuko. Bwana alimtetea mwanamke. Kwa hiyo bei kubwa peke yake haimhukumu mtu. Lakini marhamu ile ilimwagwa mbele ya wote, nyumba nzima ikajaa harufu yake, na ilitolewa kwa upendo. Fahari nyingi tunazoziona sisi hazina upendo ndani yake. Zanunuliwa ili jirani aone wivu.

Na nyumbani je? Mara nyingi mtu wa kwanza kufichwa habari za mfuko wa noti ni mke. Mume ameuza kahawa, au amepata dhahabu machimboni, naye ameizoea njia ya kutumia peke yake. Siku tatu amekuwa mfalme mjini. Siku ya nne amepanda basi kurudi, na mkewe, aliyepalilia shamba lile lile, hana hata daftari la mtoto. Huyu hakuiba kwa sheria ya Serikali. Lakini fedha za watu wawili zimetumiwa na mmoja gizani, na hilo nalo ni jambo la kuulizwa. Wahenga walisema kweli kwamba fedha ni fedheha, na tena kwamba mchuma janga hula na wa kwao.

Kwa aliyekwisha kuingia, ambaye motokaa yake yasimama uani na moyo wake wajua ilikotoka, habari ya Zakayo ingaliko. Alikuwa mkubwa wa watoza ushuru katika Yeriko, tajiri, na watu walimnung'unikia. Bwana aliingia nyumbani kwake kabla hajalipa chochote, na Zakayo alisimama akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kumrudishia mara nne kila aliyedhulumiwa. Angalieni kwamba hakuleta sadaka ya shukrani ili anyamazwe. Aliwarudishia wenyewe. Kanisa lipokeapo bunda la noti kutoka kwa mtu ambaye wote wanamnong'ona, na kumpigia vigelegele, na kumkalisha mbele, limemnyima njia ya Zakayo. Limemfundisha kwamba mabati ya kanisa yatosha kufunika yote. Wazee wa kanisa na wamwendee kwanza faraghani, kama ndugu, wamwulize kwa upole. Akijibu vizuri, wamefuta masingizio ya watu, na jina lake limesafika. Akishindwa kujibu, wamemtendea kazi ya uchungaji.

Na vijana wetu je? Hao ndio ninaowaogopea zaidi, maana mwalimu huwaona kila siku. Kijana wa darasa la saba hasikii mahubiri yetu kama anavyoona nani anayeamkiwa kwanza barabarani. Akiona kwamba mzee aliyelima miaka 30 hupitwa kimya, na mwenye motokaa isiyo na habari huzungukwa na watu wazima wakicheka kila aliposema neno, atajifunza somo hilo hata kama hatukuliandika ubaoni. Twaweza kumfundisha hesabu za riba na faida, lakini tumekwisha kumfundisha kwamba swali la asili halina maana.

Basi kwa swali letu la kwanza nasema, ndiyo, muuzaji amwulize mnunuzi; amwulize kwa adabu, pasipo kupendelea, na aandike jibu. Na mnunuzi ajipime kwa kipimo kimoja kabla hajafungua mfuko: je, ningeweza kuzihesabu fedha hizi mchana, mbele ya mke wangu, mbele ya wazee wa ukoo na mchungaji, na kusema kila bunda lilikotoka, kama Ibrahimu alivyozipima shekeli zake mlangoni pa mji? Akiweza, na anunue, na amshukuru Mungu, nasi tumpongeze. Asipoweza, na aurudishe mfuko kwa wenyewe kabla usiku haujaingia.